Upasuaji, majeraha na utafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na madaktari wanaosomea ubingwa wa upasuaji, wauguzi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na wanafunzi wa udaktari wanaotamani kushika kisu na kufanya utafiti kwa pamoja. Yanaanzia mambo ya msingi na kwenda hadi yale yanayowakosesha usingizi waliokwisha kuzama kwenye kazi. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Daktari wa upasuaji wa majeraha hufanya kazi gani, na ICU inaingiaje?

Humpokea mtu aliyegongwa, aliyeanguka, aliyechomwa kisu au kupigwa risasi, akatafuta damu inatokea wapi, akaizuia. Mara nyingi hiyo ndiyo sehemu fupi ya kazi. Mgonjwa anaweza kutoka chumba cha upasuaji tumbo likiwa bado wazi, limefunikwa kwa muda tu, kwa sababu mwili ulikuwa umepoa, damu imejaa asidi na haigandi tena. Kung'ang'ania kumaliza kila kitu katika hali hiyo kungemuua mezani. Rotondo na Schwab waliieleza njia hii kwa kina mwaka 1993, na tangu hapo imekuwa kawaida kufanya upasuaji kwa awamu: zuia damu na uchafu wa utumbo, mpeleke ICU apate joto na damu, kisha mrudishe mezani siku moja au mbili baadaye ukamalizie.

Katika baadhi ya nchi daktari huyohuyo ndiye anayesimamia mashine ya kupumulia, dawa za kupandisha presha na lishe ya mgonjwa. Kwingine ICU iko mikononi mwa madaktari wa usingizi. Hilo lina historia yake, maana ICU yenyewe ilitokana na kazi ya daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, wakati wa mlipuko wa polio mjini Copenhagen mwaka 1952, ambapo wanafunzi wa udaktari waliwapumulisha wagonjwa kwa mikono, zamu kwa zamu. Mfumo wowote uliopo kwenu, mgonjwa ni mmoja, na swali la utafiti linaloishia mlangoni mwa ICU huwa limekatwa katikati.

2. Kwa nini daktari wa upasuaji afanye utafiti badala ya kuwaachia watafiti?

Kwa sababu anajua takwimu zilivyozaliwa. Mtu asiyewahi kusimama chumba cha mapokezi ya dharura akisoma karatasi ya kuongezewa damu ataichukua saa iliyoandikwa kama ilivyo. Daktari aliyekuwapo anajua kuwa hiyo ni saa chupa ilipotoka benki ya damu, na kwamba ilikaa kando ya kitanda hadi muuguzi alipopata mshipa. Tofauti ya dakika kama hizo ndiyo inayoamua kama tafiti nyingi za fani hii ni za kweli au si za kweli (tazama swali la 9).

Hiyo haimaanishi afanye peke yake. Daktari wa upasuaji asiye na mtakwimu pembeni ataona sababu mahali palipo na sadfa tu. Mtakwimu naye asipokuwa na daktari atapiga hesabu safi juu ya saa za uongo.

3. Je, utafiti huu umeokoa watu kweli?

Ndiyo, na ushahidi ni mkubwa. Chukua mashine ya kupumulia. Kwa miaka mingi mapafu yaliyoumia yalisukumiwa hewa nyingi ili vipimo vya damu vipendeze. Mwaka 2000 mtandao wa utafiti wa Marekani ulichapisha jaribio la wagonjwa 861, nusu wakipewa mililita 12 za hewa kwa kila kilo na nusu mililita 6. Katika kundi la hewa nyingi walifariki asilimia 39.8, katika kundi la hewa kidogo asilimia 31.0. Hakuna dawa mpya iliyotumika wala mashine mpya iliyonunuliwa. Kilichogeuzwa ni namba moja kwenye mashine. Tena kilo hizo hukadiriwa kutokana na urefu wa mgonjwa, kwa kuwa mapafu hayaongezeki mtu anaponenepa. Hadi leo hilo ni kosa la kawaida wodini.

Mfano mwingine ni asidi ya traneksamiki, dawa ya zamani inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Jaribio la CRASH-2, lililochapishwa mwaka 2010, liliwahusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika hospitali 274 za nchi 40. Vifo vilishuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Unaweza kuona tofauti hiyo ni ndogo, mpaka ukumbuke kuwa Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 4.4 hufa kila mwaka kwa majeraha.

4. Mbona mambo mengi ya fani hii yanatokana na vita?

Vita huleta majeruhi wengi wanaofanana kwa muda mfupi, na majeshi huweka kumbukumbu. Katika Vita Kuu ya Pili, karibu nusu ya wanajeshi wa Marekani walioumia ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) kubwa za mikono au miguu walikatwa kiungo. Ateri nyingi zilifungwa tu. Katika vita vya Korea madaktari walianza kuzishona, na idadi ikashuka hadi asilimia 13 hivi. Lakini mwanajeshi ni kijana mwenye afya, anayevaa kinga mwilini na kubebwa na wenzake waliofunzwa. Kumhamishia bibi wa miaka 75 aliyeanguka bafuni matokeo hayo bila kuyapima upya ni kumkosea haki.

## Kuanza safari

5. Nianze nikiwa masomoni au nikishakuwa bingwa?

Masomoni, lakini na kazi ndogo inayomalizika. Nimeona vijana wengi wenye akili wakianza na jaribio kubwa wasilokuwa na uwezo wa kulifikisha mwisho, wakavunjika moyo, wakasema utafiti si wao. Swali moja la kuangalia mafaili ya mwaka mmoja, likakamilika likaandikwa, linakufundisha zaidi kuliko pendekezo zuri lililolala kwenye kompyuta miaka mitatu.

Kinachofaa kujifunza mapema ni namna ya kusoma takwimu za wengine kwa jicho kali. Kila wiki chukua makala moja, funika hitimisho, soma mbinu na jedwali la kwanza, kisha jiulize: nani hakuhesabiwa hapa?

6. Lazima niwe na shahada ya uzamili au uzamivu ya utafiti?

Si lazima ili kuanza. Ukitaka kuongoza majaribio na kuomba ruzuku kubwa kwa jina lako, utahitaji mafunzo rasmi ya epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa) na takwimu, na shahada ya uzamili ya mambo hayo huwatosha wengi. Shahada ya uzamivu inamfaa anayetaka maabara, kwa mfano kuchunguza kuganda kwa damu au mwitikio wa kinga ya mwili baada ya jeraha. Usiifuate kwa ajili ya cheo. Itakuondoa mezani miaka kadhaa, na mikono ina kumbukumbu fupi (tazama swali la 17).

7. Swali zuri la utafiti linapatikana wapi?

Kwenye mzozo wa asubuhi. Madaktari wawili wazoefu wakibishana kuhusu mgonjwa mmoja, kila mmoja akiwa na hakika, na hakuna anayeweza kuonyesha ushahidi, hapo swali lipo. Mpe mgonjwa wa kichwa maji haya au yale? Tumwondoe kwenye mashine leo au kesho? Mabishano ya namna hiyo yana faida nyingine: yanathibitisha kuwa ni halali kimaadili kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa sababu hakuna anayejua upande ulio bora.

Mfano ninaoupenda ni wa Houston, Marekani. Kila mtu aliamini kuwa aliyetobolewa kifua au tumbo na presha yake ikashuka ajazwe maji ya mshipani tangu njiani. Bickell na wenzake waliuliza: je, maji hayo hayaipandishi presha na kulisukuma nje donge la damu kabla jeraha halijafungwa? Waliwafuatilia wagonjwa 598, tarehe shufwa wakipewa maji mara moja, tarehe witiri wakisubirishwa hadi chumba cha upasuaji. Mwaka 1994 wakachapisha: waliosubirishwa walipona asilimia 70, waliojazwa maji asilimia 62. Kugawa watu kwa tarehe si njia imara, kwa kuwa kila mhudumu anajua leo ni siku gani. Lakini swali lilikuwa kali, na likafungua njia ya kazi ya miongo mitatu.

8. Nimtafute mlezi wa namna gani?

Asiwe lazima mwenye jina kubwa. Mtafute mtu ambaye wanafunzi wake wa zamani wana majina yao wenyewe kwenye makala. Angalia pia anavyozungumza juu ya matokeo yaliyompinga. Wengi huhitaji walezi wawili, mmoja wa kliniki na mwingine wa mbinu za utafiti.

## Kufanya kazi yenyewe

9. Kwa nini mnasisitiza sana kuandika saa?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila msomaji alisome hata kama ataruka mengine yote, kwa sababu katika majeraha saa ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtu anayetokwa na damu anakufa kwa dakika.

Tazama wagonjwa wawili walioletwa usiku mmoja. Wa kwanza ini lake limepasuka vibaya. Anapewa chupa tatu za damu nyekundu (chembe nyekundu za damu) kwa haraka, plazima (sehemu ya majimaji ya damu) bado inayeyushwa kutoka kwenye barafu, na dakika ya ishirini na tano anafariki. Wa pili jeraha lake ni dogo kidogo. Naye anaanza na damu nyekundu, plazima inakuwa tayari, anapewa, anaishi. Asubuhi mtafiti anajaza jedwali: wa kwanza hakupata plazima, akafa, wa pili alipata plazima nyingi, akapona. Kwa hiyo plazima inaokoa? Jedwali halijasema hivyo. Lilichosema ni kwamba lazima uishi kwanza ili upewe plazima. Tafiti nyingi za mwanzo kuhusu uwiano wa plazima na damu nyekundu zilikuwa na kasoro hiyo, na aliyetaka kuiona alihitaji kitu kimoja tu: saa halisi ambayo kila chupa iliingia mshipani na saa ya kifo.

Jaribio la PROPPR, lililochapishwa mwaka 2015 kwa wagonjwa 680 katika vituo 12 vya Amerika Kaskazini, liliondoa tatizo hilo kwa kugawa watu kwa bahati nasibu mapema. Waliopewa plazima, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) na damu nyekundu kwa uwiano sawa walilinganishwa na waliopewa damu nyekundu mara mbili zaidi. Vifo vya siku ya kwanza na vya siku 30 havikutofautiana kiasi cha kuthibitika. Vifo vya kumwaga damu katika saa 24 vilipungua, asilimia 9.2 dhidi ya 14.6. Namna ya kuyapima matokeo yenye sura mbili kama hayo imeelezwa katika swali la 12.

Saa ndiyo iliyofichua pia siri ya asidi ya traneksamiki. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliwapanga wagonjwa wa CRASH-2 kwa muda tangu walipoumia. Waliopewa dawa ndani ya saa ya kwanza walinufaika zaidi. Kati ya saa ya kwanza na ya tatu bado kulikuwa na faida. Baada ya saa 3 vifo vya kutokwa na damu viliongezeka, asilimia 4.4 dhidi ya 3.1. Kama hospitali zile hazingeandika saa ya kuumia, leo tungekuwa tunawapa dawa watu inaowadhuru.

Kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kuboresha jambo moja tu hospitalini kwako, weka saa moja ukutani inayoonekana na kila mtu, na mteue mtu mmoja ambaye kazi yake wakati wa dharura ni kuandika.

10. Sina maabara wala ruzuku. Naweza kufanya nini cha maana?

Anzisha sajili ya majeraha. Kila anayeingia kwa jeraha anaandikwa: umri, aliumiaje, saa ya kuumia, saa ya kufika, presha, kasi ya kupumua, kiwango cha fahamu, alifanyiwa nini, aliishiaje. Usiiongezee vipengele vya fahari. Fomu ya vipengele 20 inayojazwa kwa kila mgonjwa ni bora kuliko ya vipengele 120 inayojazwa pale tu mtafiti anapokuwa zamu.

Kupima ukali wa jeraha si lazima uwe na mashine. Kipimo maarufu cha ukali wa majeraha, kilichochapishwa na Baker na wenzake mwaka 1974, kinadai ujue kila kiungo kilichoumia, na bila picha nzuri huwezi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Uganda, akiwemo daktari wa upasuaji Olive Kobusingye, walibuni Alama ya Majeraha ya Kampala. Inatumia mambo matano: umri, presha ya juu, kasi ya kupumua, hali ya fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Muuguzi anaikamilisha kitandani kwa dakika chache.

Usidharau takwimu za kawaida. Mwaka 2003 Brohi na wenzake mjini London walichapisha uchunguzi wa majeruhi 1,088 walioletwa kwa helikopta. Waliangalia tu vipimo vya kuganda kwa damu vilivyochukuliwa mgonjwa alipofika. Karibu robo walikuwa na damu isiyoganda vizuri tayari, na hao walikufa kwa asilimia 46 dhidi ya 11 hivi ya wengine. Hadi hapo wengi walidhani kasoro hiyo inaletwa na maji tunayowapa. Vipimo vilivyokuwa vinachukuliwa kila siku, vilipotazamwa na mtu mwenye swali, viliibadilisha fani.

11. Nahitaji wagonjwa wangapi?

Wengi kuliko unavyodhani. Tuseme kifo kwenu ni asilimia 20 na unatumaini tiba mpya itakishusha hadi 15, matumaini makubwa sana. Kwa viwango vya kawaida vya takwimu utahitaji wagonjwa kama 900 kila upande. Ukitafuta tofauti ya CRASH-2, kutoka 16 hadi 14.5, hesabu inafika kama 9,000 kila upande. Hakuna hospitali moja inayowapata hao kwa muda unaofaa.

Njia ni mbili. Ungana na wengine, ukubali kuwa hospitali moja kati ya nyingi, jambo lisilo na aibu yoyote. Au chagua swali ambalo kipimo chake hutokea kwa kila mgonjwa, kama muda kutoka mlangoni hadi damu ya kwanza. Usichukue wagonjwa 60 ukapima vifo kisha ukatangaza kuwa tiba mbili zinalingana. Wagonjwa 60 hawana uwezo wa kusema hivyo.

12. Nipime nini: kifo, siku za ICU, au jinsi mgonjwa anavyoishi baadaye?

Inategemea jeraha linaua vipi. Kutokwa na damu huua katika saa chache, hivyo ukipima vifo vya siku 30 tu utachanganya waliokufa kwa damu na waliokufa baadaye kwa maambukizi au jeraha la kichwa, ambao tiba yako haikuwalenga. Kwa damu, pima mapema, kisha fuatilia ili uhakikishe hukuahirisha kifo tu.

Kwa kichwa ni kinyume. Jaribio la RESCUEicp la mwaka 2016 liliwahusu wagonjwa 408 ambao shinikizo la ubongo liligoma kushuka. Nusu waliondolewa kipande cha fuvu. Baada ya miezi sita waliofanyiwa upasuaji walikuwa wamekufa asilimia 26.9, wenzao 48.9. Lakini miongoni mwa waliookolewa, wengi zaidi walibaki bila kujitambua au wakiwategemea wengine kwa kila kitu. Nani wa kuamua kama huo ni ushindi? Si daktari peke yake. Mtafiti anayehesabu vifo tu katika jeraha la kichwa anaificha familia jambo inalopaswa kulijua kabla ya kusaini.

Kuhusu siku za ICU, kuwa mwangalifu. Anayekufa siku ya pili ana siku chache za ICU. Ukichukua wastani bila kulitazama hilo, tiba inayoua itaonekana inafupisha kulazwa.

## Ridhaa na maadili

13. Mgonjwa hana fahamu na ndugu hawajafika. Nani anatoa ridhaa?

Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu uliopitishwa mara ya kwanza mwaka 1964, linaruhusu kumwingiza asiyeweza kutoa ridhaa endapo hali inayomzuia ndiyo hasa inayochunguzwa, kamati ya maadili imekubali, na ridhaa inatafutwa haraka iwezekanavyo kutoka kwake au kwa mwakilishi wake. Nchi hutofautiana katika utekelezaji. Marekani tangu mwaka 1996 ina kanuni inayotaka jamii ishirikishwe na kutangaziwa kabla ya jaribio kuanza. Kwingine huombwa ridhaa ya baadaye, mgonjwa akizinduka au ndugu wakifika. Soma sheria ya nchi yako na uketi na kamati yako mapema.

Ugumu upo kwenye mazungumzo yenyewe. Mama amefika, mwanawe yuko mezani, nawe unataka kumweleza jaribio. Tanguliza hali ya mgonjwa, ukae chini, usubiri maswali yake. Utafiti uje baadaye, kwa sentensi fupi: mwanao alipewa moja ya tiba mbili, hatujui iliyo bora, una haki ya kumtoa na matibabu yake hayatapungua. Akikataa, mshukuru na uondoke. Mgonjwa akiwa amefariki, ndugu bado wanastahili kuambiwa. Namna ya kuwaambia ipangwe na kamati kabla ya mgonjwa wa kwanza.

14. Naweza kuwa daktari wake na mtafiti kwa wakati mmoja?

Unaweza, na mara nyingi huna budi. Lakini ridhaa ichukuliwe na mtu mwingine inapowezekana, kwa kuwa anayemtegemea daktari kwa uhai wake hawezi kumkatalia kwa urahisi. Na ukiona kitandani kuwa tiba aliyopangiwa itamdhuru, mtoe kwenye tiba hiyo bila kusita. Takwimu zake endelea kuzihesabu katika kundi alilopangiwa. Kumfuta ni kurudi kwenye kasoro ya swali la 9.

15. Jaribio husimamishwa lini kabla ya wakati?

Uamuzi huo si wa mtafiti mkuu. Kamati huru, isiyo na maslahi katika matokeo, huzitazama takwimu kwa siri kwa vipindi vilivyopangwa. Jaribio la mashine ya kupumulia la swali la 3 lilisimamishwa kwa sababu faida ilikuwa dhahiri. Mengine husimamishwa kwa madhara. Jihadhari na jaribio dogo lililositishwa kwa faida kubwa mno, maana huenda lilikatizwa pale bahati ilipokuwa juu.

## Mambo magumu

16. Nifanye nini matokeo yakipinga nilichoamini?

Yachapishe, upesi, kwa kichwa cha habari kisichoficha. Kwa miaka mingi madaktari waliwapa walioumia kichwa dawa za jamii ya steroidi, kwa hoja nzuri kabisa kwamba zinapunguza uvimbe. Jaribio la kwanza la CRASH lilikusudia watu 20,000. Likasimamishwa baada ya 10,008, na mwaka 2004 likaonyesha vifo vya wiki mbili asilimia 21.1 kwa waliopewa dawa, 17.9 kwa wasiopewa. Fikiria ni wangapi walidhurika katika miaka ambayo hakuna aliyepima.

Karibuni zaidi ni puto linaloingizwa kupitia ateri ya paja na kujazwa ndani ya aota (ateri kuu ya mwili) ili kuziba damu isiende chini. Lina mantiki inayovutia, na wengi walilipenda. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023 kwa wagonjwa 90 lilipata vifo vya siku 90 asilimia 54 kwa waliopangiwa puto na 42 kwa wasiopangiwa, na kundi la puto lilichelewa zaidi kufikia upasuaji wa kuzuia damu. Saa tena.

Swali hili lina upande wa pili: je, utafiti mmoja unatosha kubadili tiba? Mara chache. Mwaka 2001 hospitali moja ya Leuven, Ubelgiji, ilionyesha kuwa kushikilia sukari ya damu chini sana kulipunguza vifo ICU, na dunia ikafuata. Mwaka 2009 jaribio la NICE-SUGAR, wagonjwa zaidi ya 6,000, likaonyesha kuwa njia hiyo inaongeza vifo. Utafiti wa kituo kimoja, hata ukiwa safi, unasema lililotokea katika kituo kimoja.

17. Utafiti utanifanya niwe mpasuaji dhaifu?

Utaweza, usipolinda zamu zako. Dharura hazipangwi, hivyo daktari anayekuja siku moja kwa wiki hukosa hasa wale wagonjwa adimu wanaomfunza. Njia inayofanya kazi ni kupanga wiki nzima za zamu na wiki nzima za utafiti, badala ya kuugawa kila mchana vipande. Kwenye wiki ya utafiti zima simu ya wodi. Hilo linahitaji mkuu wa idara aliyekubali kwa maandishi. Ahadi ya mdomo huyeyuka mwenzako wa kwanza akiugua.

18. Nani aandikwe kuwa mwandishi?

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne, na yote lazima yatimie: mchango wa kweli katika wazo au takwimu, kushiriki kuandika au kuhariri kwa kina, kuridhia nakala ya mwisho, na kukubali kuwajibika. Ukuu wa idara haumo. Elewaneni kabla ya kukusanya takwimu, mkaandike. Muuguzi aliyesimamia sajili miaka miwili na akatimiza masharti mengine matatu ni mwandishi kamili. Kumwacha kwenye shukrani ni dhuluma.

19. Jarida limenialika kwa barua pepe na linataka malipo. Niamini?

Ukiahidiwa kuchapishwa ndani ya siku chache bila mapitio ya kweli, kataa. Majarida halali pia hutoza, hivyo malipo peke yake si kipimo. Uliza mlezi wako, na usome makala tatu zilizokwisha kuchapishwa humo. Kumbuka pia kuwa tangu mwaka 2005 majarida makuu hayapokei jaribio ambalo halikusajiliwa hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza.

20. Nawezaje kukaa na takwimu za watu niliowaona wakifa?

Majina yameondolewa, lakini wewe unajua mstari wa 214 ni nani. Hakuna mbinu ya kuondoa hilo, na sidhani inafaa liondoke. Kinachosaidia ni kutochambua vifo vya wiki hiyo katika wiki hiyohiyo, na kuwa na mwenzako mmoja wa kusema naye bila kujikaza. Ukianza kukwepa kufungua faili za waliokufa, simama, omba msaada wa kitaalamu. Faili hizo ndizo zenye maswali, na aliyechoka kuzitazama ataanza kuhesabu waliopona tu.

21. Matokeo yamechapishwa, lakini wodini hakuna kinachobadilika. Nifanye nini?

Acha kuandika mabango. Fuatilia tiba yenyewe hatua kwa hatua. Chukua asidi ya traneksamiki: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8, ndani ya saa 3 tangu kuumia. Kila mtu wodini anaweza kuijua na bado mgonjwa asiipate kwa wakati. Simama mlangoni usiku uangalie. Dawa iko famasi, famasi imefungwa saa mbili usiku, ufunguo anao msimamizi, muuguzi haruhusiwi kuianza bila saini ya daktari, na daktari yuko mezani anafanya upasuaji.

Hapo kazi ya utafiti haijaisha. Hamishia dawa kwenye kabati la mapokezi, mpe muuguzi mamlaka ya maandishi ya kuianza, andika saa ya kuumia na saa ya sindano kwenye sajili ya swali la 10. Baada ya miezi mitatu pima tena ni wangapi waliopata ndani ya saa ya kwanza, na uchapishe hilo nalo, hata kama namba haikupanda.